Lenzi Zilizong'aa Kabla ya Wakati

Juni 24

Mizani, kwa maana nitakayoitumia katika kurasa hizi, si usawa. Ni utofauti unaolindwa kwa kazi isiyokoma. Ndani ya seli za lenzi ya jicho potasiamu ni nyingi na sodiamu ni kidogo. Katika majimaji yanayoizunguka lenzi, hali ni kinyume. Siku pande hizo mbili zikilingana, seli hazitakuwa zimepata amani, zitakuwa zimekufa: lenzi itavuta maji, itavimba, na nuru haitapita. Kinachouzuia usawa huo ni pampu, yaani protini iliyopenya utando wa seli, ambayo kwa kila mzunguko hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, na hutumia nishati kufanya hivyo.

Ajabu ya lenzi ni mgawanyo wa kazi. Pampu zenye nguvu ziko karibu zote katika tabaka moja la seli lililotanda upande wa mbele. Nyuma ya tabaka hilo zimepangana nyuzi, ambazo ndizo mwili wenyewe wa lenzi, na nyuzi hizo hazijiwezi: sodiamu huzivujia saa zote, na tabaka la mbele huitoa kwa niaba yao.

Miaka miwili iliyopita maabara yangu ilichapisha dai kwamba lenzi ikianza kuvimba, tabaka la mbele hutambua na kuongeza kasi ya pampu karibu maradufu. Vipimo vilifanywa na Hollis Wetterling, fundi wa maabara, aliyekuwapo hapa kabla yangu. Msimu huu Lavina Begaye, mwanafunzi wangu wa uzamivu, atavirudia kabla ya kujenga utafiti wake juu yake. Katikati ya Septemba idara itaniuliza kama aendelee au aondoke. Sitarajii ugumu wowote.

Juni 27

Joto limepita nyuzi arobaini na tatu. Tucson yote, mji wetu wa jangwani, inatazama kusini zinakotoka mvua, na kusini hakuna wingu.

Julai 1

Macho ya ndama yamefika kutoka machinjioni, ndani ya sanduku la barafu kama kawaida. Lenzi ya ndama iliyopoa huwa na ukungu mweupe katikati, kwa sababu protini zake hukusanyika baridi inapozidi. Ukiitia katika beseni la vuguvugu, ukungu unayeyuka mbele ya macho yako, na dakika chache baadaye unaweza kusoma gazeti kupitia lenzi hiyo. Sijamwona mgeni wa maabara ambaye hakutabasamu alipoona jambo hilo mara ya kwanza. Lavina hakutabasamu. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia maji.

Hollis alimfundisha utaratibu kwa maneno yale yale anayomfundishia kila mtu.

"Jicho la kushoto shahidi, la kulia mshitakiwa. Shahidi unamweka kwenye maji ya chumvi ya kawaida. Mshitakiwa unamtia kwenye maji yaliyozimuliwa, avimbe, halafu tunasikiliza atasema nini. Unatoa lenzi za mstari mmoja wote wa sinia, ule ulio karibu na mkono wako, ndipo unakwenda mstari wa pili. Zinakaa kwenye vuguvugu. Iking'aa, iko tayari. Umeelewa, binti?"

"Nimeelewa, babu. Na wakili wake yuko wapi?"

"Wakili hatukumwekea bajeti."

Kasi ya pampu tunaipima kwa rubidiamu yenye mionzi, ambayo pampu huidhania kuwa potasiamu na kuimeza. Lenzi iliyomeza zaidi ndiyo iliyopiga pampu zaidi. Lavina anatumia mkono wa kushoto. Kabla ya kuanza aliigeuza sinia ya macho ili makasi yamkae vizuri, na Hollis akampachika jina papo hapo: Mashoto.

Julai 5

Mvua ya kwanza. Harufu ya vichaka vya jangwani iliingia mpaka maabara kupitia mfereji wa hewa, na sote tukaacha kazi tukaenda dirishani, wenye shahada na wasio nazo.

Julai 9

Matokeo ya kwanza ya Lavina: hakuna tofauti. Lenzi zilizovimba zimemeza rubidiamu sawasawa na mashahidi wao. Katika jozi mbili zimemeza pungufu kidogo.

Nimemwambia arudie. Mikono ya mtu wa mwaka wa pili huikwaruza lenzi bila yeye kujua, na lenzi iliyokwaruzwa huvuja.

Julai 13

Amerudia. Hakuna tofauti.

Julai 16

Nimemwomba Hollis afanye yeye, siku hiyo hiyo, kwa macho ya sanduku hilo hilo na maji ya chupa zile zile. Lavina alifanya nusu yake kwenye meza ya pili. Hollis: karibu maradufu, kama tulivyochapisha. Lavina: hakuna kitu.

"Si kosa lako, Mashoto," Hollis alisema akivua glavu. "Kuna mikono ya lenzi, na kuna mikono ya kumenya mahindi."

"Na kuna mikono inayopata kila siku kile kile ilichokuwa inakitafuta," Lavina akajibu.

Hollis alizitupa glavu kwenye pipa taratibu mno. Mimi nilishughulika na karatasi. Kwa kipimo chochote cha haki, niliamini mikono iliyozoea.

Julai 21

Unyevu umezidi na kipoza hewa cha nyumbani kwangu hakifai tena. Ni kile cha zamani, cha kupitisha hewa kwenye pedi zilizoloweshwa, na uwezo wake wote unatokana na ukavu wa nje. Nje kukiwa na maji mengi kama pedini, feni inazunguka, inapiga kelele, na chumba kinabaki vile vile. Nililala sebuleni sakafuni nikifikiri kwamba sijapata mfano bora zaidi wa seli iliyokufa.

Julai 28

Lavina, mara ya nne: hakuna tofauti. Korongo la nyuma ya maegesho limejaa maji mekundu.

Agosti 2

Nilimwita ofisini. Nilimweleza, kwa utaratibu, kwamba kipimo ambacho mtu mmoja hukipata kila mara na mwingine hakipati kamwe kina maelezo mawili tu: ama dai ni la uongo, ama mmoja wao anakosea kazi. Dai lilikwishapimwa mara nyingi. Kwa hiyo.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Ni uwezekano ulio mkubwa zaidi."

"Profesa, unaniambia niondoke?"

"Nakuambia kwamba mwezi ujao nitaulizwa."

"Na ungeulizwa leo?"

Sikuona sababu ya kumdanganya. "Leo ningesema hapana."

Alitazama dirishani. Mawingu yalikuwa yamesimama juu ya milima ya Catalina kama kila alasiri, bila kuamua.

"Basi bahati yangu ni kwamba si leo," akasema, akatoka, akaurudisha mlango polepole kuliko ambavyo mimi ningeweza.

Agosti 3

Alifika kabla yetu sote. Anafanya mazoezi ya kutoa lenzi kwa mkono wa kulia. Haipendezi kutazama.

Agosti 11

Leo lazima niandike yote, na kwa mpangilio, maana akili yangu inakimbia mbele ya kalamu.

Nilikuwa nimeamua kwamba leo ndiyo ingekuwa mara ya mwisho. Hollis meza moja, Lavina meza ya pili, macho ya sanduku moja. Lavina alikuwa amerudia mkono wake wa kushoto, kwa amri yangu. Mchana lenzi zote zilikuwa katika mabeseni, mashahidi na washitakiwa, zinang'aa. Hollis alikwisha kushika chupa ya rubidiamu. Ndipo dhoruba ikashuka. Nimezaliwa mji huu na nimeziona nyingi, lakini hii ilikuja na vumbi kwanza, ukuta mzima wa vumbi, na maji nyuma yake, na radi iliyopiga mahali fulani karibu na kituo cha umeme. Taa zikazima. Mashine ya kuhesabia mionzi ikazima. Mabeseni peke yake yaliendelea, kwa betri, na taa zake ndogo za kijani.

"Siku imekwenda na maji," Hollis akasema. "Bosi, nizimwage?"

"Mwaga nini?" Lavina aliruka. "Ziko kwenye joto lake, maji yake safi, hewa inapita. Zinakudai nini?"

"Zimengoja sana. Utaratibu ni kwamba ikishang'aa unapima."

"Utaratibu wa nani?"

"Wangu, Mashoto. Ulikuwa bado unanyonya nilipouweka."

Nilisema ziachwe. Sikusema hivyo kwa hekima yoyote. Korongo lilikuwa limefunga barabara, hakuna ambaye angekwenda popote, na niliona afadhali wagombane juu ya lenzi kuliko juu ya jambo jingine. Tukakaa. Hollis alikuwa na tamale za dada yake, unga wa mahindi na nyama uliofungwa katika maganda, ndani ya jokofu ambalo halikuwa linapoza tena, kwa hiyo tulizila zote. Lavina alituonyesha jinsi bibi yake kule Chinle anavyoigiza sauti ya daktari wa macho aliyemwambia kwamba ukungu wa jicho lake ni "jambo la kawaida la umri".

"Akamwuliza daktari, 'Na wewe una umri gani mpaka ujue?'" Lavina alisema. "Daktari akatafuta kalamu mezani dakika nzima. Ilikuwa mkononi mwake."

Hollis alicheka hadi akapaliwa na tamale, na Lavina akampiga mgongoni kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Umeme ulirudi jua likielekea kuzama, baada ya saa nyingi. Tulipima kwa sababu tu lenzi zilikuwapo. Nilisimama nyuma ya mashine mwenyewe.

Hollis: washitakiwa wamewazidi mashahidi wao kwa theluthi moja hivi. Si maradufu. Theluthi.

Lavina: theluthi.

Nilidhani nimesoma safu ile ile mara mbili. Nilisoma upya. Kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze, meza mbili zilikuwa zimesema neno moja, na neno hilo halikuwa la yeyote kati yao.

"Mmebadilisha nini?" niliuliza. "Kila mmoja aniambie alichobadilisha."

"Sikubadilisha kitu," alisema Hollis, na uso wake haukuwa mzuri.

Lavina alikuwa anatazama mabeseni. "Profesa, kitu pekee tulichofanya sawasawa mimi na babu leo ni kukaa bure."

Agosti 12

Kukaa bure! Nimeifuata sentensi hiyo usiku kucha kama mtu anayefuata uzi gizani, na asubuhi ilikuwa imenifikisha mlangoni.

Baridi huilaza pampu. Jicho likiwa barafuni, sodiamu huendelea kuvuja kuingia lakini hakuna wa kuitoa. Lenzi iliyotiwa katika vuguvugu huanza kazi ikiwa na mzigo, na pampu iliyolemewa na sodiamu hupiga mbio mpaka mzigo upungue. Kwa hiyo, kwa muda fulani baada ya kupata joto, kila lenzi hupiga pampu kwa kasi, ivimbe isivimbe.

Sasa sinia. Macho yamepangwa mistari miwili, ya kushoto na ya kulia. Hollis hutoa kwanza mstari wa kushoto wote, yaani mashahidi. Mashahidi wake wanapata kama saa nzima ya kupumzika, washitakiwa wanapimwa wangali mbioni, na tofauti inakua kuliko ilivyo. Lavina huigeuza sinia. Mstari ulio karibu na mkono wake, anaouanza, ni wa kulia. Washitakiwa wake ndio wanaopumzika, mashahidi ndio walio mbioni, na tofauti ya kweli inamezwa. Hakuna aliyekosea kazi. Wote wawili walifanya kwa uangalifu mkubwa jambo lisilofaa, kwa pande mbili tofauti.

Na kwa nini hakuna aliyeona? Kwa sababu sisi ni watu wa lenzi. Mtu wa moyo angesubiri mapigo yatulie, mtu wa figo angepima chumvi. Sisi tunatazama nuru. Lenzi iking'aa tunasema iko tayari, na kung'aa ni habari ya protini, ambazo hutawanyika kwa dakika chache. Chumvi ina saa yake nyingine kabisa. Tulikuwa tunaiuliza lenzi swali moja na kusoma jibu la swali jingine, kwa sababu tu jibu hilo linapendeza kulitazama.

Hayo yote bado ni maneno. Nimewaita wote wawili. Hollis alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama sinia, akasema, "Sasa pima hiyo sodiamu, bosi. Sitahukumiwa kwa hadithi." Ana haki.

Agosti 14

Tumepima. Lenzi moja moja, tangu iliyotoka barafuni hadi iliyokaa katika vuguvugu alasiri nzima, ziliyeyushwa katika asidi na kupulizwa katika mwali wa gesi. Sodiamu huupaka mwali rangi ya manjano, na kadiri ilivyo nyingi ndivyo manjano inavyokolea. Kifaa hugeuza rangi kuwa tarakimu, lakini hatukuwa na haja ya kifaa. Lenzi iliyokuwa imetoka tu kung'aa, safi kama tone la maji, iliuwasha mwali wa manjano kama ua la alizeti.

"Tazama hiyo!" Lavina alikuwa amenishika mkono, na sikuutoa. "Inang'aa kama malaika na imejaa chumvi kama samaki wa kukaushwa!"

Iliyofuata ilipauka kidogo. Iliyofuata ikapauka zaidi. Ya mwisho ilikuwa karibu bluu tupu. Hollis ndiye aliyekuwa akizipuliza, mpaka ya mwisho. Kisha alikwenda kwenye meza yake, akachukua sinia, akaigeuza kama Lavina anavyoigeuza.

"Mashoto," alisema.

"Naam, babu."

"Ile kauli ya mahindi. Nimeirudisha."

"Irudishe na jina."

"Jina nimelipenda."

"Haya, jina baki nalo."

Agosti 22

Utaratibu mpya: lenzi zote zinapumzika mpaka sodiamu itulie, upande wa shahidi unachaguliwa kwa kurusha sarafu, na anayepima hajui ipi ni ipi. Jozi nyingi, mikono miwili. Jibu halitetereki: lenzi inayovimba huongeza kasi ya pampu kwa theluthi. Dai letu ni la kweli, na ukubwa tulioutangaza si wa kweli. Nimeandika kwa jarida kusahihisha. Mstari wa kwanza wa maelezo unataja aliyelifichua kosa, na jina lake ni Begaye.

Agosti 23

Hollis amerusha sarafu, ikaanguka ndani ya beseni. Tumehesabu kuwa ni kushoto.

Septemba 3

Lavina amekuja na jambo ambalo sikumtuma. Ikiwa lenzi nzima ikivimba pampu za mbele huongeza kasi, je, ikivimba nyuma tu, mahali ambapo tabaka lile halipo kabisa? Anataka lenzi ikae katika tundu la pete, mbele ikiogeshwa na maji ya kawaida, nyuma na yaliyozimuliwa, na tone lisipite.

Nilimwambia haiwezekani kuifunga lenzi hivyo bila kuiminya. Hollis alikuwa mlangoni.

"Nipe mpira laini na mwisho wa wiki," akasema.

Septemba 9

Pete ya nne haikuvuja. Tulitia rangi maji ya upande wa nyuma, na ya mbele yakabaki safi muda wote. Lenzi zilikuwa zimepumzika. Mbele: maji ya kawaida, hakuna seli ya mbele iliyoguswa. Nyuma: yamezimuliwa.

Mimi si mtu wa kupaza sauti maabarani. Leo nilipaza. Pampu za mbele ziliongeza kasi! Jozi ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote. Tabaka ambalo halikuguswa lilijibu jambo lililotendeka upande wa pili wa lenzi, kana kwamba mtu amebisha mlango wa uani na taa ikawashwa sebuleni. Lavina alikimbia hadi mwisho wa ukumbi akarudi. Hollis alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na kusema, mara tatu, "Ama kweli."

Septemba 10

Tumerudia, sarafu na yote. Ni kweli.

Septemba 15

Mvua zimekwisha. Hewa imekauka na kipoza hewa changu kimefufuka.

Idara imeuliza leo, na nimejibu kwamba Lavina Begaye aendelee. Nilimwita nimwambie. Aliitikia kwa kichwa, akakaa bila kuambiwa, akaanza kuchora lenzi kwenye ubao wangu.

"Hapa nyuma ndipo inapovimba," alisema. "Hapa mbele ndipo inapojibiwa. Katikati ni nyuzi za zamani, zimekwishapoteza viini, hazina pampu ya maana, hazitengenezi kitu kipya. Profesa, wewe mwenyewe umeandika kwamba hazijiwezi."

"Nimeandika."

"Bibi yangu pia waliandika hivyo hospitalini. Lakini kama hazijiwezi," alipiga mstari wa chaki kutoka nyuma hadi mbele, ukapita katikati ya zile nyuzi zote, "nani amepeleka habari?"

Ameondoka na nimeuacha mchoro ubaoni. Nimeutazama mpaka jua limeingia ofisini. Tumekuwa tukisema kwamba tabaka la mbele huilinda mizani kwa niaba ya nyuzi, kama mlinzi mwenye kulinda waliolala. Lakini mlinzi huyu hatoki kwenda kutazama, anaamshwa. Basi ni nani hasa anayeishika mizani ya lenzi: anayepiga pampu, au yule tuliyemhesabu kuwa amelala?